Nataka kumpeleka mzee wangu apite tena njia ya vita ya Kagera, Kyaka mpaka Kampala. Mwenye uzoefu anisaidie

MtotoWaMgambo:

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kupita barabara ya Kyaka, Mutukula, Masaka mpaka Kampala, siyo kwa biashara, ila kwa kutaka kuona maeneo ya vita ya 78/79 kati yetu na Amin wa Uganda.

Mzee wangu alikuwa mgambo, alichukuliwa Shinyanga akapigishwa kwata na kufundishwa silaha haraka haraka kisha huyo mstari wa mbele. Umri wake sasa unakaribia 70 na hajawahi kurudi kule tangu alipopandishwa lori la kurudi nyumbani. Sisi watoto tumekua tukijua tu kwamba baba alienda vitani, ukimuuliza alikuwa anakujibu "tulienda, tukampiga, tukarudi" basi, anabadilisha maneno anauliza ng'ombe wameshanyweshwa. Lakini tangu aliposikia redioni msiba wa Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wetu wa vita ile, Oktoba 2024 mzee ameanza kuongea mwenyewe bila kuulizwa, anataja Kyaka, anataja Mutukula, anataja sehemu inaitwa Lukaya kwamba barabara imepita katikati ya maji na mafunjo kushoto na kulia na hakuna pa kujificha, anataja na majina ya wenzake wawili ambao hatujawahi kuyasikia maisha yetu yote. Juzi akaniambia kama kuna uwezekano angependa kupaona tena kabla hajafa. Mzee wangu hajawahi kuniomba kitu, hata hela ya dawa anasubiri nimuulize mimi, kwa hiyo hili nataka lifanyike na lifanyike vizuri.

Sasa maswali yangu. Kuna watu wanaotembeza wageni kwenye njia hiyo au ni kujipanga mwenyewe? Sehemu gani tusizikose? Na hawa ndugu zetu wa Uganda wanampokeaje Mtanzania anayekuja kuangalia mambo ya vita, maana sitaki mzee akakutane na maneno ya kumuumiza. Tutakuwa watatu, mimi, mzee na dada yangu, goti la kulia linamsumbua hivyo kutembea sana hawezi. Natanguliza shukrani.

Omuziba_Asilia:

Ndugu yangu umenigusa sana, mimi ni wa hukuhuku Missenyi ng'ambo ya mto, vita hii kwetu siyo ya kusoma kitabuni.

Watembezaji wa njia nzima kuanzia huku mpaka Kampala mimi sijakutana nao, watu wanajipanga wenyewe. Wanakuja wanafunzi, wanakuja watu wa tasnifu zao, wanakuja watoto wa wanajeshi kama wewe, wanauliza wenyeji wanaonyeshwa. Uzuri wake ni kwamba njia yenyewe leo ni lami tupu, majeshi yalifuata barabara kuu na barabara kuu ndo hiyohiyo magari yanapita kila siku, kwa hiyo mwenye goti bovu anaweza kuiona karibu yote akiwa amekaa kwenye kiti.

Mkitokea Shinyanga mtapita Biharamulo na Muleba, basi msiingie Bukoba kabla ya kusimama Kaboya. Ndipo yalipo makaburi ya mashujaa wetu wa vita ile, Siku ya Mashujaa ya 25 Julai imewahi kufanyika kitaifa hapohapo. Pale ni eneo la jeshi, huwezi kuingia kama sokoni, mzee abebe kitambulisho na medali au karatasi yoyote aliyonayo ya enzi hizo, mfike mapema asubuhi mjieleze getini kwa heshima. Kama wale wenzake wawili anaowataja hawakurudi, inawezekana wamelala pale. Nasema inawezekana, msimwahidi kitu, lakini mpeni muda asome majina mwenyewe.

Halafu Kyaka. Hapa msipite mbio. Watu wengi wanasimama darajani wanapiga picha ya mto wanaondoka, sasa kwa anayejua mambo pale ndo kila kitu kilianzia. Jeshi la Amin liliingia 30 Oktoba 1978, 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote kuanzia mpakani mpaka mto Kagera ni yake, 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka ili Tanzania isivuke. Hebu fikiria sasa ulioko upande wa kaskazini, nyuma yako adui, mbele yako mto, daraja hakuna. Marehemu mama alikuwa na mimba, walivuka usiku kwa mtumbwi wakiwa wamejazana, akaniambia waliokuwa na watoto wachanga walikuwa wamewaziba midomo kwa khanga ili wasilie. Babu alikataa kuacha ng'ombe wake. Ng'ombe walichukuliwa wote na babu hatukumpata. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilikombwa, nyumba za watu zikang'olewa mpaka mabati. Wanaoandika historia wanakadiria raia waliouawa huku kwetu ni kama 1,500, na hao ukiwatafuta Kaboya huwapati maana hawakuwa askari, wamezikwa migombani kwao, wengine hawakuzikwa kabisa. Ndo maana nasema ukija na mzee usiishie kwenye mambo ya mizinga. Tafuta mama mmoja mtu mzima pale Kyaka au Bunazi, mkae naye chini ya mti, mpige stori. Mzee wako akisikia alikuwa anampigania nani nadhani atafurahi kuliko kuona vyuma.

Mlimani pale Kyaka kuna magofu ya kanisa lililovunjwa wakati wa vita. Gari linakaribia, hatembei sana. Kuta zimesimama, paa hakuna, majani yameota ndani mahali ambapo watu walikuwa wanapiga magoti. Ukisimama pale unauona mto wote na uwanda wa upande wa pili, unaelewa kwa macho yako kwa nini kila jeshi lilikuwa linakitaka hicho kilima.

Kutoka Kyaka mpaka Mutukula ni kama kilomita 30, mwendo mfupi. Ukifika niambie, nitakuelekeza kwa wazee ambao bado wanakumbuka.

NyaboWaNyendo:

Mimi ni Mtanzania nimeolewa Masaka, naishi huku miaka mingi, ngoja nijibu lile swali la Waganda watawapokeaje kwa sababu ndo swali la maana na watu wengi wanalipita juu juu.

Watawapokea vizuri. Wazee huku wakisikia unatoka Tanzania wengi bado wanasema "bakombozi", yaani wakombozi, na wanakuletea kiti. Amin aliwatesa watu wa hapa kuliko alivyotutesa sisi, sisi alituvamia wiki chache, wao aliwakalia miaka minane. Kuna mzee jirani yangu anasimulia siku askari wetu walivyoingia kijijini kwao, wakawakuta watu wamejificha shambani kwenye migomba, wakawaambia tokeni tu baba msiogope, na kwake yeye huo ndo ulikuwa mwisho wa kuogopa gari la askari.

Lakini kuna upande wa pili ambao lazima uujue kabla hujavuka mpaka, na mzee wako anaujua hata kama hajausema. Mutukula ilipochukuliwa Januari 1979 askari wetu walikuwa na hasira ya yale waliyoyaona kule Kagera, mji ukabomolewa wote kwa matingatinga na raia wakauawa. Habari zilipomfikia Mwalimu zilimshtua, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. Halafu ikaja Masaka, ilitekwa 24 Februari. Mji ulikuwa umepigwa mizinga na baada ya kuingia majengo yaliyobaki yakalipuliwa na askari wetu, ilikuwa ni kisasi cha Kagera. Masaka ilikaa magofu miaka na miaka, mume wangu amesoma shule akipita katikati ya kuta zilizoungua, anasema alidhani miji yote duniani ndo inakuwa hivyo. Kwa hiyo hapa utakutana na mtu ambaye anakushukuru kwa kumwondolea Amin na hapohapo duka la baba yake halikuinuka tena mpaka leo, na hao siyo watu wawili wanaobishana, ni mtu mmoja huyohuyo na vyote viwili viko moyoni mwake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, msije na bendera wala fulana za ushindi. Njooni kama watu waliokuja kuwaona majirani. Mkifika kwa mzee yeyote wa huku msianze na vita, anzeni na salamu, kwa Kiganda kama mnaweza, "mwasuze mutya" asubuhi, na kijana mbele ya mtu mzima huku anapiga magoti au anainama, dada yako ndo kabisa asikae kwenye kiti kabla hajasalimia. Kiswahili wanakielewa kiasi lakini kwa watu wazima wa Buganda Kiswahili kilikuwa ndo lugha ya askari wa Amin waliokuja kugonga mlango usiku, hivyo ukianza nacho kwa sauti kubwa unaweza kuona mtu amenyamaza ghafla na wala siyo kwamba anakuchukia wewe.

Mpakani siku hizi ni rahisi, kituo cha pamoja cha Mutukula kilizinduliwa 2017, mnagongewa mihuri sehemu moja. Mje na pasi au hati ya safari na kadi ya homa ya manjano. Mutukula mpaka Masaka ni kama kilomita 90.

Kweli_Tupu:

Dada hapo kwenye Masaka mimi nakataa kidogo. Vita ni vita. Amin alianza yeye, alichinja watu wetu, halafu leo tunaenda kuomba radhi kwa kubomoa majengo? Mzee wa watu anaenda kukumbuka ushujaa wake, asipelekwe kusomewa mashtaka.

NyaboWaNyendo:

Kaka mimi sijasema akaombe radhi. Nimesema akija atapaona na atawakuta watu, na ni vizuri mwanae ajue watakachosema. Mwalimu mwenyewe hakufurahia yale ya Mutukula wakati vita bado inapiganwa, sasa sisi miaka yote hii baadaye tunaogopa nini kuyataja? Ushujaa wa askari wetu haupungui kwa kusikia upande wa aliyepoteza nyumba. Mimi nazaa watoto wenye damu zote mbili, nataka wazijue zote mbili.

MtotoWaMgambo:

Asanteni sana, hasa dada wa Masaka. Sikuwa nayajua hayo ya Mutukula na Masaka. Sasa naanza kuelewa kwa nini mzee akifika Mutukula kwenye maelezo yake anaruka anaenda moja kwa moja Lukaya.

Kuhusu hiyo Lukaya, kuna anayejua kitu gani hasa kilitokea? Mzee anasimulia vipande vipande, mara walikimbia, mara waliwazunguka, mara Walibya. Sitaki kumbana kwa maswali.

Mstaafu_208:

Vijana nawasalimu. Mimi ni mstaafu, nilikuwa brigedi ya 208 chini ya Brigedia Mwita Marwa. Nitakueleza mwanangu, na ukimsomea baba yako atakuambia wapi nimepatia.

Baada ya Masaka lengo lilikuwa Kampala na Lukaya ndo iko katikati. Kama alivyosema baba yako, pale barabara imeinuliwa juu ya kinamasi, mafunjo marefu kuliko mtu, ukitoka nje ya lami umezama. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201 ndo ilitangulia kuingia, na 201 ilikuwa na mgambo wengi, vijana ambao miezi michache nyuma walikuwa wanalima pamba na kuchunga ng'ombe. Gaddafi alikuwa ameshamletea Amin askari wake, wakaja na vifaru na yale makombora yanayofyatuka kwa mfululizo, ambayo na sisi tulikuwa nayo na Waganda wakayaita Saba Saba. Yule aliyekuwa hajawahi kuyasikia yakija upande wake asimcheke mtu aliyekimbia. 201 ilirudi nyuma, ni kweli walikimbia, na kama baba yako alikuwa 201 basi hilo ndo linamkaba kooni mpaka leo. Mwambie nimesema hivi, hakuna mtu wa 208 niliyemsikia anawadharau.

Sisi tulikuwa mbali kaskazini magharibi, ikaja amri turudi tuzunguke tuikate barabara ya Kampala kwa nyuma yao. Tulitembea usiku, gizani, maji ya kiunoni sehemu nyingine, bunduki kichwani, hakuna kuwasha hata sigara. Alfajiri ya tarehe 11 sisi tukapiga kutoka nyuma na 201 waliojipanga upya usiku uleule wakapiga kutoka mbele. Hao walioambiwa wamekimbia jana ndo hao asubuhi walirudi palepale. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko la sisi tuliozunguka, sisi hatukuwa tumeonja. Walibya zaidi ya 200 walikufa pale, na Luteni Kanali Godwin Sule aliyekuwa anawaongoza Waganda naye alikufa Lukaya. Baada ya hapo jeshi la Amin halikusimama tena sawasawa, Entebbe tukaingia 7 Aprili na Kampala ikachukuliwa tarehe 10 na 11.

Sasa mwanangu nikuombe mambo mawili. Mkifika Lukaya usimwekee simu usoni kumrekodi, mweke mahali pa kukaa ageukie upande wa kinamasi halafu mnyamaze, akitaka kuongea ataongea. Na la pili, mpitishe pale asubuhi. Mchana kuna joto na kelele za malori na wauza nyama barabarani, asubuhi kuna ukungu juu ya mafunjo na ndivyo palivyokuwa. Mimi nimerudi pale, nikamkuta kijana anauza kuku wa kuchoma kwenye vijiti, nikamuuliza unajua hapa palitokea nini, akaniambia mzee hapa kuna ajali nyingi sana za magari. Sikumlaumu. Nani amemwambia? Sijaona pale hata jiwe lenye maandishi.

MtotoWaMgambo:

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea. Alikuwa 201. Amenyamaza muda mrefu, akaniambia nimsomee tena pale uliposema walirudi asubuhi. Halafu akasema "huyo anasema kweli, na maji yalikuwa ya baridi". Sina maneno mzee, Mungu akupe maisha marefu.

Mstaafu_208:

Marahaba mwanangu. Mpe salamu zangu. Mwambie wa 208 anamsalimu.

Juma_Nijmegen:

Mimi nasoma hii mada nikiwa Uholanzi, nataka kuongeza kitu juu ya lile jiwe lenye maandishi alilolisema mzee, kwa sababu naishi mahali ambapo jambo hili limefanyika na naliona kila siku.

Huku Nijmegen ilipita njia ya majeshi yaliyowakomboa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1944. Mwaka 2008 watu wa mkoa huu walianza kuweka mawe makubwa sehemu kila palipotokea kitu, unafika pale unasikiliza kwenye simu stori ya mtu mmoja aliyekuwa hapo, askari, mkulima, mtoto. Ikakua, leo inaitwa Liberation Route Europe, imeunganisha kusini mwa Uingereza, Normandy, Ubelgiji, Uholanzi mpaka Berlin, na Baraza la Ulaya imeitambua tangu 2019 kama njia ya utamaduni. Watu wanaipita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa gari, wanalala vijijini, wanakula vijijini, hela inabaki vijijini.

Lakini kinachonigusa mimi siyo hizo hela. Kuna daraja hapa linaitwa De Oversteek, lilifunguliwa 2013 karibu na pale ambapo askari wa Marekani walivuka mto Waal kwa vimashua vya turubai mchana kweupe huku wakipigwa risasi, 20 Septemba 1944, wakafa 48. Kwenye daraja kuna jozi 48 za taa. Kila siku jioni taa zinawaka jozi moja moja kwa mwendo wa askari anayetembea, na kila jioni, mvua inyeshe theluji ianguke, kuna mtu aliyewahi kuwa mwanajeshi anatembea sambamba nazo mpaka mwisho. Nimesimama pale mara nyingi nikitoka kazini na kila nikisimama nawaza Kyaka. Na sisi tulikuwa na mto, tulikuwa na daraja, tulikuwa na vijana waliovuka. Na kule Oosterbeek kwenye makaburi ya Waingereza watoto wa shule kila Septemba kila mmoja anasimama kwenye kaburi lake na maua, imekuwa hivyo tangu 1945. Mtoto anakua akijua jina la askari mmoja aliyekufa kijijini kwao. Hivi kweli shule za msingi za Missenyi na Muleba haziwezi kufanya hivyo Kaboya? Maua ya kwetu hata hayanunuliwi.

Na Wajerumani nao wanakuja kwenye njia hii, na stori za miji iliyopigwa na ndege za wakombozi wenyewe zipo. Nijmegen yenyewe ilipigwa mabomu na Wamarekani kwa makosa Februari 1944, raia karibu 800 walikufa, na kuna kumbukumbu yao mjini kabisa. Kaka Kweli_Tupu nakuheshimu, ila huku hilo halijawapunguzia wakombozi heshima hata kidogo.

Kweli_Tupu:

Nimekuelewa kaka Juma. Hilo la 201 waliokimbia wakarudi nalo limenifanya nifikirie upya. Bado nasema tusianze kwa kujilaumu, lakini sawa, na waliopoteza nyumba nao wawekewe jiwe lao.

Makerere_Mbongo:

Kwa upande wa Kampala. Ukitoka Lukaya kuna kama kilomita 100, njiani mtapita Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta, mzee apumzike pale kuna vibanda vya chai na vyoo safi. Kampala mpelekeni Lubiri, kasri la Kabaka pale Mengo, kuna mahandaki ambayo enzi za Amin watu walifungiwa na kuuawa, wageni wanaruhusiwa kuingia na kuna watu wa kuelezea. Alama za mikono zipo ukutani. Ni pazito sana, muulizeni kwanza kama anataka.

Mjiandae na jambo moja, huku siku kubwa ya ukombozi ni 26 Januari, siku Museveni alipoingia 1986, hiyo ndo ya mapumziko na gwaride. Tarehe 11 Aprili haina sherehe ya kitaifa, vijana wenzangu darasani wengine hawajui kabisa kwamba Watanzania waliwahi kufika Kampala kwa vifaru. Waliozaliwa kabla ya vita wanajua vizuri, waulizeni madereva wazee wa taksi, yaani hizi hiace zao. Wapo wanaokumbuka tarehe 11 walipomsikia Oyite-Ojok, kamanda wa Waganda waliopigana upande wetu, redioni akitangaza kwamba Amin hayupo tena madarakani.

Wa_Mazimbu:

Mimi niongeze kwa ufupi tu, ukirudi salama mlete mzee na Morogoro. Mazimbu pale ilikuwa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini wa ANC, chama kilichopigania uhuru wao, ikiitwa SOMAFCO, ilijengwa kwenye shamba la zamani la mkonge, leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yenye jina la Solomon Mahlangu. Makaburi yao yapo, yanatunzwa, na ndugu zao wanakuja kutoka Afrika Kusini kuyaona. Wanalia pale kama wamezika jana. Nchi yetu ina Kongwa, ina Nachingwea, ina Mgagao, kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ina Kaboya, na hakuna basi hata moja la wanafunzi ninaloliona likielekea huko, yote yanaenda Mikumi kuangalia twiga. Twiga ni wazuri ila nalisema hili kwa uchungu.

Omuziba_Asilia:

Halafu nimesahau, mkipitia Mwanza mkaamua kuja kwa meli mpaka Bukoba, muonyesheni mzee kisiwa cha Saanane palepale ziwani. Ndege ya Walibya ilitumwa Machi 1979 kuja kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia Saanane yakaua wanyama wa hifadhi. Wengi wa Mwanza wanaenda pale kula pikniki na hawajui.

MtotoWaMgambo:

Wakuu wote nawashukuru. Nimekaa na mzee na dada tumepanga hivi. Tunatoka Shinyanga kwa gari la shemeji, Kaboya kwanza, tunalala Bukoba, kesho yake Kyaka kutwa nzima na hakuna kukimbia, kanisani na darajani na kwa huyo mama atakayetupokea. Siku inayofuata tunavuka Mutukula asubuhi. Nilimuuliza mzee kama anataka tupite tu Mutukula bila kusimama, akasema hapana, tusimame. Hakusema zaidi na sikumuuliza. Masaka tunalala, dada NyaboWaNyendo tutakuja kukusalimia kama hutojali, halafu tunatoka alfajiri ili Lukaya tufike na ukungu. Kampala ya Lubiri amesema hataki, anataka aione barabara ya kuingilia mjini tu kisha turudi.

Mzee Mstaafu, amekuuliza kama afya yako inaruhusu na wewe unaweza kuja Lukaya. Gari lina nafasi moja.

Mstaafu_208:

Mwambie nipo Biharamulo, mnapita mlangoni kwangu. Mnichukue.

NyaboWaNyendo:

Mnakaribishwa wote, vyumba vipo, hakuna kwenda gesti. Wazee wangu hao wawili wanakula matoke au niwatafutie ugali?

MtotoWaMgambo:

Amesema matoke. Anasema alizila Masaka mwaka ule, walipewa na mama mmoja, na hajazila tena tangu hapo.